Mkono wa mgeni: sheria zetu zinautafuta wapi?

Bandugu, tarehe 23 Oktoba 2024, kule Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alisema kwamba Katiba yetu haiko nzuri, na kwamba iliandikwa nje ya inchi na wageni. Akatangaza kwamba kutaundwa komisyo ya kuifikiria upya. Tangu siku ile masolo hayajaisha, hapa Kolwezi sawa vile Kinshasa. Wengine wanapiga makofi, juu wanaona wakati wa kuwafungia watu wa nje mlango umefika. Wengine wanaona ni njia tu ya kuongeza muhula.

Leo sitaki kujadili muhula. Nataka tuangalie hoja yenyewe ya "mgeni", juu inatumika kila mahali: katika Katiba, katika sheria ya uraia, katika adhabu za usaliti, katika sheria ya intaneti. Kila mara tunaambiwa vile vile: mkono wa nje unatuharibia inchi, toeni maoni, ungeni mkono. Mimi nauliza swali moja: sheria hizo zinautafuta mkono ule wapi? Nikisoma yale yaliyopendekezwa na yale yaliyofanyika miaka hii, naona zinautafuta katika damu ya mtu na katika mdomo wa mtu. Mahali sisi watu wa shaba tunajua unapita kila siku, ni kusema mu kontra na mu mfuko wa mkubwa, hapo haziangalii sana.

Hatari iko ya kweli

Nianze kwa kuwapa haki wale wasiokubaliana nami. Mwisho wa Januari 2025 M23 waliingia Goma, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi katika rapoti zao kwamba askari wa Rwanda wako kwenye udongo wetu. Kifungu cha 63 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki na wajibu wa kuilinda inchi mbele ya mshambuliaji wa nje. Mtu anayesema Congo haina haja ya sheria za kujikinga, huyo haishi mu Congo.

Na sisi wa huku tunajua zaidi ya wengi. Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru, Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa inchi ya peke yake, akisaidiwa na maofisa wa Kibelgiji na feza ya Union Minière. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa katika jimbo hili hili, na mwaka 2001 komisyo ya bunge la Ubelgiji yenyewe ilikubali kwamba kuna wakubwa wa Ubelgiji wanaobeba lawama ya kimaadili kwa kifo kile. Tarehe 13 Mei 1978 waasi wa FNLC walitoka Angola wakaingia Kolwezi, na tarehe 19 askari wa Ufaransa wakashuka hapa kwa miavuli. Muji huu umeona mkono wa nje kwa macho.

Lakini ile historia inatufundisha kitu kingine pia. Wengi wa wale FNLC walikuwa watoto wa Katanga waliokimbilia Angola. Askari wa Ufaransa waliitwa na serikali yetu yenyewe. Tshombe alikuwa Mkongomani wa baba na mama. Mkono wa nje hauingii kama mwizi anayeruka ukuta usiku. Unaingia juu mtu wa ndani, mwenye cheo, ameufungulia mlango. Sheria inayotaka kutukinga kweli ingeanza kwa mtu mwenye ufunguo.

Katiba "ya wageni"

Turudi Kisangani. Ni kweli wataalamu wa nje walisaidia wakati Katiba inatayarishwa, hilo halikufichwa. Lakini maandishi yale yalipita mu Senati na mu Bunge la Mpito, kisha yakapelekwa kwa raia tarehe 18 na 19 Desemba 2005. Zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga kura walisema ndiyo. Ikatangazwa rasmi tarehe 18 Februari 2006. UDPS ya Mzee Étienne Tshisekedi ilikataa kushiriki ile referandumu, na hiyo ilikuwa haki yake. Lakini kutoshiriki kwa chama kimoja hakugeuzi mamilioni ya kura za raia kuwa kura za wageni.

Kifungu kinachopigiwa kelele sana ni cha 217. Kinasema Congo inaweza kufanya mikataba yenye kuacha sehemu ya mamlaka yake, kwa kusudi la kuendeleza umoja wa Afrika. Ukikisoma peke yake kwenye picha ya WhatsApp, utaogopa: tumeuzwa! Lakini soma pia cha 214: hakuna hata kipande cha udongo kinachoweza kutolewa, kubadilishwa au kuongezwa bila raia kuulizwa kwa referandumu. Na mawazo ya 217 hayakutoka Ulaya. Katiba ya Ghana ya Nkrumah ya mwaka 1960 ilikuwa na wazo la namna hiyo. Lumumba mwenyewe, Agosti 1960, alisaini na Nkrumah makubaliano ya siri ya kuunganisha Ghana na Congo. Kama 217 ni usaliti, basi tuanze kwa kumwita Lumumba msaliti. Nani yuko tayari?

Mtu anaweza bado kusema kifungu kile kimeandikwa vibaya, kwamba kingetaja wazi kuwa lazima raia waulizwe. Hiyo ni hoja nzuri, na mimi ningeiunga mkono. Shida ni kwamba hatuletewi hoja hiyo. Tunaletewa woga, na nyuma ya woga kuna Katiba nzima ya kubadilisha.

Halafu vifungu ambavyo havitajwi mu mikutano. Cha 219 kinakataza kubadilisha Katiba wakati wa vita, au wakati wa hali ya dharura au ya kuzingirwa. Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa tangu tarehe 6 Mei 2021. Cha 220 kinakataza kugusa idadi na urefu wa mihula ya Rais, uhuru wa mahakama, wingi wa vyama, na kinakataza mabadiliko yoyote yanayopunguza haki za mtu au madaraka ya majimbo. Ndugu yangu wa Lualaba, neno hili la mwisho linakuhusu.

Na msisahau Januari 2011. Vifungu 8 vilibadilishwa, uchaguzi wa Rais ukatoka duru mbili ukawa duru moja, na yote yalimalizikia mu Kongresi ya Bunge na Senati. Hakuna raia wa Kolwezi aliyeulizwa. Wakati ule hakuna aliyesema mgeni ameandika. Tuliandikiwa na watu wa kwetu, mlango ukiwa umefungwa.

Damu

Julai 2021 mbunge Nsingi Pululu alipeleka mu Bunge pendekezo la sheria lililotoka katika mawazo ya Noël Tshiani: urais na vyeo vingine vikubwa viwe vya mtu aliyezaliwa na baba na mama Wakongomani wote wawili. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa inchi: mtu wa damu mbili anaweza kuwa na mioyo miwili. Kila mtu alijua aliyelengwa ni Moïse Katumbi, mwenye baba kutoka upande wa Ugiriki. Sheria haikupita, na Katumbi alisimama katika uchaguzi wa Desemba 2023. Lakini wazo halikufa, linarudi kila mara neno "Katiba" linapotajwa.

Simtetei Katumbi, ana mawakili wake. Natetea muji wangu. Juu hapa Kolwezi tumeshaona neno "mgeni" linafanya nini likiachiliwa. Mwaka 1992 na 1993, wakati wa gavana Kyungu wa Kumwanza na chama cha UFERI, majirani wenye asili ya Kasai waliitwa "bilulu". Walifukuzwa katika nyumba na kazi, kule Likasi na hapa Kolwezi. Familia nzima zililala ku gari ya moshi, zikingoja treni ya kuwapeleka kwenye "kwao", kwenye inchi ambayo watoto wao hawakuwahi kuiona. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Wale wote walikuwa Wakongomani wa baba na mama.

Ukishasema usalama wa inchi unapimwa kwa damu, hakuna anayejua kipimo kitaishia wapi. Leo ni baba wa Katumbi. Kesho ni bibi yako wa Zambia. Hapa mpakani, nani hana ndugu upande wa Zambia au wa Angola? Walunda wako katika inchi zote tatu, kabla ya mpaka kuchorwa.

Mdomo

Tarehe 13 Machi 2024 serikali ilirudisha utekelezaji wa adhabu ya kifo, uliokuwa umesimamishwa kwa miaka zaidi ya 20. Sababu iliyotolewa kwanza ilikuwa usaliti ndani ya jeshi. Januari 2025 waziri wa sheria, Constant Mutamba, akasogeza mstari: akatangaza kwamba hata mwanasiasa, mwandishi wa habari au mtu wa dini atakayetangaza shughuli za jeshi la Rwanda na M23, adhabu yake ni kifo. Kumbe kutoka kwa askari anayetoa siri za vita tumefika kwa mtu anayesema kilichotokea.

Sheria ya mambo ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 nayo inaadhibu kusambaza habari za uongo. Muda mfupi kabla ya tangazo lile la adhabu ya kifo tuliona matumizi yake: mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa Septemba 2023 na kukaa gerezani Makala miezi zaidi ya sita, juu ya makala iliyogusa idara ya upelelezi, ambayo hata haikuwa na jina lake.

Na yule waziri aliyetaka kuua kwa ajili ya usaliti? Septemba 2025 mahakama ya juu ilimhukumu miaka 3 ya kazi ya lazima kwa kupotosha feza ya umma. Feza ile ilitoka katika mfuko wa fidia ya wahanga wa vita vya Uganda kule Kisangani. Nisomeeni polepole: fidia ambayo inchi ya nje ililipa kwa maumivu ya raia wetu, ikaharibikia mikononi mwa wakubwa wetu wa ndani. Hakuna mtu aliyeita jambo lile usaliti.

Mfuko

Sasa tufike nyumbani. Mei 2022, mbele ya mahakama ya Marekani, kampuni ya Glencore ilikiri makosa ya rushwa katika inchi kadhaa. Kwa upande wa Congo, ilikubali kwamba ililipa karibu dola milioni 27.5 kwa watu wa kati, ikijua sehemu ya feza ile itatumika kama rushwa kwa maofisa wa Congo. Desemba 2022 ilikubaliana kuilipa serikali yetu dola milioni 180, kwa mambo ya miaka 2007 hadi 2018.

Hii njo maana kamili ya kuingiliwa na watu wa nje: feza ya kigeni inamnunua mwenye ufunguo ili aamue juu ya udongo wetu. Haikuwa uvumi wa mtaani, kampuni ilikiri yenyewe. Lakini nani aliigundua? Sheria ya Marekani. Nani aliyepokea? Sheria yetu ya usaliti haikumtafuta. Bujakera alilala gerezani, wapokeaji wa milioni 27.5 wanalala kwao.

Chukua Sicomines, hapa hapa kwetu. Mkataba wa mwaka 2008 na Wachina ulikuwa madini kwa barabara na hospitali. Februari 2023 ukaguzi mkuu wa feza wa serikali ulisema kati ya dola bilioni 3 zilizoahidiwa kwa ujenzi, zilizotumika zilikuwa milioni 822 tu. Machi 2024 mkataba ulisahihishwa, ahadi ikapanda hadi bilioni 7. Mara zote mbili, ni mlimaji gani wa Lualaba aliyeulizwa? Na tarehe 4 Desemba 2025, kule Washington, yalisainiwa makubaliano ya ushirikiano na Marekani juu ya madini hayo hayo. Upande wa Mashariki au upande wa Magharibi, sisi tunasoma habari kwenye simu sawa vile kila mtu.

Sheria ya kuuona mkono huu tayari iko. Dekreti ya Mei 2011 inalazimisha kila kontra ya madini, misitu na mafuta kutangazwa ndani ya siku 60. Kodi ya madini ya mwaka 2018 inarudia jambo hilo. Kama mtu ana hamu ya kulinda mamlaka ya inchi, aanze kwa kutekeleza hayo. Haiombi komisyo wala referandumu.

Nani ataitwa wakala wa wageni?

Hapa njo mahali hoja hii inatugusa sisi wenye diploma. Septemba 2023 Amnesty International ilitoa rapoti juu ya watu waliofukuzwa kwa nguvu mu nyumba na mashamba kandokando ya Kolwezi, ili migodi ipanuke. Iliiandika pamoja na IBGDH, shirika la hapa hapa Kolwezi. Vijana wa kwetu walipima, walihoji, waliandika. Sheria kali ya "mkono wa nje" ikipita, ikisema yeyote anayefanya kazi na feza au shirika la nje ni wakala, nani atapeleka maelezo mbele ya upelelezi? Ni kampuni ya kigeni iliyochukua shamba, ao ni kijana aliyeandika kwamba shamba limechukuliwa?

Tuangalie kwingine. Marekani ina sheria tangu 1938 inayomlazimisha mtu anayefanya kazi ya siasa kwa ajili ya serikali ya nje ajiandikishe, na daftari liko wazi. Hata kontra ambazo serikali yetu inafanya na wapiga debe wa Washington, tunazisoma katika daftari la kule. Georgia, mwaka 2024, ilipitisha sheria ya namna nyingine: shirika lolote au chombo cha habari kinachopata zaidi ya asilimia 20 ya feza kutoka nje kijiandikishe kama kinachotumikia masilahi ya nje. Vijana walijaa barabarani kwa majuma. Tofauti ni hii: sheria moja inauliza nani anakutuma na unafanya nini, nyingine inauliza mkate wako umetoka wapi. Mu Congo, ambapo hata dawa ya hospitali inatoka kwa wafadhili, kipimo cha pili kitamshika kila mtu ambaye serikali haimpendi.

Kuulizwa ni nini?

Watasema: lakini mnaulizwa! Novemba 2024 kulikuwa na mkutano mkubwa wa États généraux de la Justice kule Kinshasa. Kutakuwa na komisyo, kutakuwa na maoni ya raia. Sawa. Mimi nimefanya kazi na walimaji wa vijiji vilivyo karibu na migodi, naijua namna ile ya kuuliza. Sheria ya madini inaamuru wenyeji waulizwe juu ya athari za mgodi. Inafika siku, hema linasimamishwa, kuna soda na mkate. Mtu anasoma kwa Kifaransa, mwingine anafupisha kwa Kiswahili kwa dakika kumi. Mama mmoja anauliza: mto wetu wa kumwagilia mboga utapita wapi? Anajibiwa kwamba swali limeandikwa. Karatasi ya majina inazunguka, kila mtu anatia sahihi ao kidole. Miezi baadaye, ile karatasi ya majina imekuwa ushahidi wa kwamba kijiji kilikubali. Na mto umepita upande mwingine.

Kuuliza kwa kweli kunajulikana kwa mambo machache. Maandishi kamili yanakuja kabla, kwa lugha ambayo watu wanaelewa. Mtu anaweza kusema hapana bila kuogopa kwamba usiku atagongewa mlango. Na mwishoni mwenye kuuliza anaonyesha: mlisema hivi, tumebadilisha hapa, hapa tumekataa, sababu ni hii. Mjadala wa Katiba na "wageni" bado haujafika hata kwa jambo la kwanza. Tumeambiwa adui ni nani kabla ya kuona kifungu kimoja kipya. Na mtu atasema vipi hapana, kama kusema hapana tayari kunafanana na kusaidia adui?

Nina ombi kwa kila mwenzangu atakayekaa chini ya hema la namna hiyo, iwe ni kwa Katiba, sheria ya uraia ao sheria ya usalama. Usipige kelele za "ndiyo" ao "hapana" kwa jina la chama. Uliza maswali matatu na uyatake katika maandishi. Kwanza: sheria hii itamshika aliyepokea feza ya kampuni ya kigeni kwa siri, ao itamshika tu aliyesema? Pili: kontra zilizosainiwa na inchi za nje na kampuni zao ziko wapi, nizisome? Tatu: kama sisi wa Lualaba tukikataa, ni nini kitabadilika?

Kwa upande wangu wa ukulima ningeongeza la nne. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache tu juu ya ugomvi wa soda na bia, na kila mtu huku akaanza kuhesabu magunia ya unga. Jimbo linalotoa shaba na kobalti kwa dunia nzima linangoja bukari kutoka kwa jirani. Mwenye kutaka kuzungumza nami juu ya mamlaka ya inchi aje pia na mbegu, mbolea na barabara ya kufika shambani. Hapo nitakaa chini ya hema lake hadi jioni, hata kama hakuna soda.

Andikeni maoni yenu hapo chini, hasa ninyi mliosoma sheria. Na mkiwa na kontra yoyote ambayo imetangazwa kweli, wekeni hapa tuisome pamoja.